Udongo wa Kalengera

Kwenye uwanja wa Kyeshero, mchezaji aliyechelewa alitozwa beseni moja la mawe. Aliyaokota mwenyewe, akayamwaga kando ya barabara, ndipo akaruhusiwa kuvaa viatu. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na raga ni mchezo wa kuanguka. Kocha Émile alisema kila jiwe linalotoka ni goti la mtu linalopona. Jumamosi hiyo ya mwezi wa tatu, mwaka 2018, Niyitegeka Léonie alicheleweshwa na foleni ya maji. Alibeba beseni lake bila kununa, kisha akaingia kucheza dhidi ya wasichana wa Bukavu.

Alikuwa na miaka ishirini na minane, na alicheza pilier, yaani yule wa mstari wa mbele ambaye wachezaji wanane wakifungana mabega kuwasukuma wanane wenzao, mzigo wote humwangukia yeye. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka tisa. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini wahenga hawakucheza pilier. Mazoezi yake yalikuwa kusukuma chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, ukiwa na magunia manne ya makaa na wenzake wawili wakiusukuma kumrudisha nyuma.

Dakika ya kumi na moja, msichana wa Bukavu alimkumbatia miguu na Léonie akaangukia goti. Alipoinuka, pale alipoanguka palikuwa na udongo. Halikuwa vumbi. Ulikuwa udongo mweusi, laini, wenye unyevu, wa kutosha kujaza beseni. Refa aliukanyaga kuona kama unateleza, akaona hauna neno, akapuliza filimbi. Hadi mwisho wa mechi Léonie alikuwa ameanguka mara kumi na nne na uwanja ulikuwa na viraka kumi na vinne, kimoja kikiwa na nyungunyungu.

Mama yake, Mukashyaka, alikuwa pembeni akiuza mahindi ya kuchoma. Aliingia uwanjani, akachota udongo kidogo, akaunusa, akaugusisha ulimi.

"Ni ya kwetu," alisema. "Njo ile ya chini, karibu na muto. Papa yako alikuwa anapandamo maharagi."

Kwao ni Kalengera, upande wa Rutshuru. Walikimbia vita mwaka 2008, wakateremka kwa miguu hadi kambi ya Mugunga, na hapo baba alifia chini ya hema la plastiki akiuliza kama maharagwe yamepaliliwa. Kambi ilipofungwa, mama na binti walipanga chumba Kyeshero. Sasa shamba lilikuwa linawafuata, na mama hakuona ajabu. Alisema tu kwamba limechelewa.

Lilikuja mechi kwa mechi. Kufikia mwezi wa saba nusu ya uwanja ilikuwa udongo, magoti ya timu nzima yalikuwa yamepona, na majirani walikuwa wakiomba beseni moja moja wapande lengalenga, yaani mchicha. Émile aliwafukuza. Kisha mstari wa minyaa ukachipua upande wa uwanja unaoelekea Sake. Kalengera, mnyaa hupandwa mpakani mwa shamba, na inaaminika kwamba mtu anayeng'oa mnyaa wa mpaka hufuatwa na balaa. Kwa hiyo hakuna aliyeugusa. Émile alisogeza mstari wa goli mbele ya minyaa, na timu za wageni zilijulishwa mapema kwamba uwanja ni mfupi kwa mita tisa.

Mwezi huohuo ilifika orodha ya walioitwa Kinshasa kwenye majaribio ya timu ya taifa. Jina la Léonie lilikuwa la tatu. Kilichotakiwa ni kitambulisho, na ili upate kitambulisho ulitakiwa uwe na cheti cha kuonyesha umetoka wapi. Cheti hicho ndicho alichokuwa akinyimwa miaka yote tisa, kwa kuwa kila alipotaja jina lake la Kinyarwanda, mtu wa dirishani alimwuliza kama kweli ni wa huku. Mara mbili timu ilikuwa imeondoka bila yeye. Safari hii alikwenda ofisini na beseni la udongo kichwani.

Karani Guylain alikuwa mtoto wa mkulima. Alikunja mikono ya shati, akatia vidole, akafikicha.

"Hii ni ya Kalengera kabisa," alisema, akaandika kwenye fomu kwamba udongo umeonekana. "Sasa inabaki mwenye shamba atie mukono, aseme uko mutoto ya pale."

"Mwenye shamba alikufa. Ni papa yangu."

Guylain alifungua daftari, akasoma. "Hapa naona Papa Hilaire, ule mwenye malori. Ana papier ya shamba tangu 2010. Wewe uko na udongo, dada. Yeye iko na papier."

Haikuwa lazima kumtafuta Hilaire. Alikuja mwenyewe uwanjani Jumatatu, kwa sababu shamba lake lilikuwa linaisha. Alieleza kwa utulivu kwamba yalianza mashimo madogo ya ukubwa wa goti, yakaungana, na sasa mahindi yake yalikuwa yamesimama juu ya mawe. Alitembea kando ya minyaa akiitambua mmoja mmoja. Alimsalimia Mukashyaka kwa heshima zote, akatandaza karatasi mbili juu ya boneti ya gari lake.

"Mimi natia mukono hapa, kwamba ulizaliwa Kalengera," alimwambia Léonie. "Wewe unatia hapa, kwamba muzee wako aliniuzishaka shamba. Kila mutu anapata yake. Udongo ikijua iko na mwenyewe, itatulia."

Ndege ya Kinshasa ilikuwa Alhamisi. Léonie alishika kalamu. Aliitaka Kinshasa kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na shingo ya pilier haingoji. Baada ya mwaka mmoja au miwili ingekataa. Alimtazama mama yake.

"Tia mukono, mama," Mukashyaka alimwambia binti yake. "Papa yako alishakufa. Mimi nimezeeka. Wewe enda ucheze."

Léonie alisoma karatasi ya pili tangu juu hadi chini. Kisha akamrudishia Hilaire kalamu.

"Papa hakuuzishaka," alisema.

"Unajua utabaki?" Hilaire alimwuliza.

"Najua. Lakini hakuuzishaka."

Hilaire hakukasirika. Alikunja karatasi zote mbili, akasema basi udongo ni wake. Jumanne yalikuja malori mawili, vibarua na polisi mmoja. Émile alisoma hati ya shamba mara mbili akitafuta kasoro, na hakuipata. Udongo ulipakiwa wote hadi mawe yakatokeza. Vibarua walikataa kung'oa minyaa, kwa hiyo Hilaire aliing'oa kwa mikono yake mwenyewe. Utomvu ulimwingia machoni, akakaa siku mbili na macho yaliyovimba. Zaidi ya hapo hakupatwa na lolote.

Alhamisi ndege ilipita juu ya Kyeshero ikiwa na Christa na Miriam wa timu yake. Léonie alilia, kwa hasira kuliko huzuni, akanawa uso, akaenda kusukuma chukudu.

Jumamosi walicheza na timu ya Himbi juu ya mawe matupu. Kabla ya filimbi, Léonie aliwakusanya wenzake.

"Leo munipatie mupira kila mara," alisema.

Walimpa. Pilier hana kawaida ya kukimbia na mpira, lakini siku hiyo aliupokea na kuupeleka palepale walipojaa watu wa Himbi, wamwangushe. Walimwangusha mara thelathini na moja. Kila mara alijikaza akainuka, magoti yakivuja damu, akiacha nyuma yake udongo wa kujaza beseni, na wenzake walipita juu ya udongo huo bila kuteleza. Walishindwa kwa pointi nne. Kiraka cha mwisho kilikuwa na mche wa mnyaa, urefu wa kidole.

Jumatatu lori lilirudi. Léonie alikuwa ameketi kwenye ukuta wa mawe, magoti yamefungwa kwa vitambaa, akawatazama vibarua wakichota. Dereva, kijana mwenye adabu, alimsogelea.

"Dada, Jumamosi ingine munacheza tena?"

"Tunacheza."

"Na utaanguka?"

"Nitaanguka."

Dereva alitazama udongo uliokuwa bado unangoja, akapiga hesabu ya safari zake, akasema basi Jumatatu ijayo atakuja na lori lile kubwa.

"Leta mbili," alisema Léonie.