Maji Kwenye Giaboksi

Boti ya Mzee iliishiwa nguvu katikati ya mkono wa bahari, ikiwa imebeba manesi wa zamu ya asubuhi. Injini ilinguruma vizuri tu, ila propela haikusukuma kitu. Ikabidi wavutwe na boti nyingine hadi gatini, wengine wakinung'unika, wengine wakimtania Mzee kwamba leo chombo chake kimeomba ruhusa ya ugonjwa.

Kesho yake binti yake akaja na sanduku la spana. Pale gatini wote walimwita Fundi, na ufundi wenyewe alifundishwa na baba huyo huyo tangu akiwa hajamfika kiunoni.

Alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye giaboksi. Oili ilikuwa nyeupe, nzito, kama chai iliyozidishwa maziwa.

"Baba, humu kuna maji."

"Basi ni kipoza oili," Mzee akasema bila kusita. "Maji ya bahari yanapita mle kuipoza. Kikitoboka tu, yanachanganyika. Si nilikufundisha?"

Fundi akakifungua kipoza, akaziba upande mmoja, akakizamisha kwenye ndoo ya maji na kukijaza upepo kwa pampu. Hakikutoa hata kiputo kimoja, hakikuwa kimetoboka. Akakagua sili ya shafti inayozuia maji yasiingie, nayo nzima, kavu kabisa. Alipolegeza nati ya chini ili amwage oili, yakatangulia maji yaliyokuwa yametuama usiku kucha. Akachovya kidole, akakigusisha ulimini, akatema. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Ya mvua? Mvua yenyewe walikuwa wameshaisahau.

Alikuwa ameinama kutafuta kitambaa aliposikia kitu kikimiminika. Akageuka. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya giaboksi, dumu mkononi, ulimi nje kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

"Nakuongezea oili," alisema. "Kila asubuhi naiongeza. Siku hizi inakunywa kweli kweli."

Maji safi yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye tundu la chini.

"Baba," Fundi akasema. "Hilo ni dumu la maji ya kunywa."

Mzee akalitazama, akalinusa, akacheka kidogo. "Najua bwana. Nilikuwa nakupima kama uko macho."

Lakini hakujua dumu aliweke wapi. Fundi akampokea.

"Umeniweza, baba," akasema.

Nyumbani alimkuta mama yake jikoni akimenya vitunguu.

"Mama, baba ana nini?"

Mama hakujifanya kushangaa. "Juzi aliniuliza mimi ni mgeni wa nani."

"Na bado ukamwacha abebe watu?"

"Nilijua ni makosa, mwanangu. Lakini nilijiambia kule hawezi kupotea. Ile boti anaijua kuliko anavyonijua mimi."

Wakaketi hapo hapo chini, wakalia, na vitunguu havikuwa na hatia yoyote.

Giaboksi ilichukua siku kadhaa. Fundi alibadilisha sahani za klachi zilizoliwa, akajaza oili mpya, akaiwasha injini na kutia gia mbele na nyuma, kisha akaimwaga oili yote. Ikatoka na ukungu. Akarudia, akarudia tena, mpaka ikatoka inang'aa. Ndipo alipomwendea baba yake kumwomba funguo. Alijiandaa kufokewa. Mzee akazitoa mfukoni, akamkabidhi, akarudi kukaa. Afadhali angemfokea.

Siku boti iliporudi kazini, Mzee alipanda pamoja na manesi, akaketi kwenye benchi la nyuma. Fundi akatia gia, boti ikajivuta taratibu, ikashika mwendo. Mzee alikuwa ameukanyagisha unyayo mtupu sakafuni, akiusikiliza mtetemo.

"Inashika vizuri hii," alimwambia nesi aliyekaa jirani. "Nani ameitengeneza?"

Nesi akamtupia jicho Fundi, kisha akasema kwa upole, "Binti yako, Mzee."

"Ah, huyo." Mzee akatabasamu. "Mvumilieni. Bado mdogo, ndiyo kwanza namfundisha."

Abiria wakacheka. Fundi hakugeuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, hataki mtu amwone uso mpaka wafike ng'ambo.