Shikamoo kwa Deni la Friji

Usiku wa kuamkia leo niliota friji letu limekaa kwenye kiti changu cha sebuleni, limekunja nne, linasoma mkataba.

"Mwalimu Singano," likaniita bila kuinua macho, "kesho Ijumaa deni langu linatimiza miaka sita."

"Najua," nikasema.

"Nilidhani umesahau. Kama ulivyosahau kulipa."

Nieleze kidogo, maana friji lilikuwa linasema kweli. Nililichukua kwa Bi Mwanaisha Shemhilu, mwenye duka la vyombo hapa Muheza, kwa makubaliano ya kulipa kila mwezi. Nikatia sahihi, nikalipa miezi mitatu. Mwezi wa nne nikaugua. Mwezi wa tano nikapona, lakini malipo hayakupona. Bi Mwanaisha hakunifuata nyumbani hata siku moja. Tukikutana sokoni aliniuliza hali ya watoto tu, na hapo ndipo paliponiuma.

Wiki iliyopita shemeji yangu Hatibu, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, alikuja kula ubwabwa akaniachia elimu. "Shemeji, deni likifika miaka sita halina meno tena mahakamani. Wanasema dawa ya deni kulipa. Sawa, lakini kuna mgonjwa anajifia mwenyewe. Wewe kaa kimya tu. Usitoe hata senti, usitie sahihi popote, na usilikiri kwa namna yoyote. Ukilikiri, linaanza upya, likiwa bichi kabisa."

Kwa hiyo nililala nikiwa nimefunga mdomo.

Sasa, ndotoni, ni mchana mweupe na mlango unabishwa. Anaingia mzee amejikunja mgongo, hana jino hata moja, anategemea mkongojo uliopasuka katikati ukafungwa kitambaa chekundu. Anakohoa mpaka mapazia yanatikisika.

"Hodi wenyewe. Mimi ni Deni."

Natazama dari.

"Mwalimu," linasema friji, "kuna mgeni."

"Simwoni."

"Yuko mbele yako."

"Kisheria simwoni."

Mzee hakukasirika. Aliketi chini kwenye mkeka, akaomba maji. Friji likajifungua mlango, likammiminia glasi ya maji ya baridi. Mimi nikaendelea kuhesabu mbao za dari. Ziko kumi na nne. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mtu mzima amekaa chini na mimi sijamsalimu. Mama yangu angekuwa hai angenichapa mbele ya wajukuu zake.

Nilipomaliza mbao ya kumi na nne, dari ilikuwa imepanda juu sana na sebule imekuwa mahakama. Hakimu alikuwa saa yetu ya ukutani, amevaa joho.

"Mimi najua kuhesabu tu," akatangaza hakimu. "Lipi haki na lipi dhuluma, muulizeni mwingine. Deni la Mwalimu Singano limebakiza dakika kumi. Wenye haja ya upenyo wa sheria, foleni ianzie kushoto."

Kweli upenyo ulikuwepo. Tundu ukutani, kubwa kiasi cha sahani, na mbele yake foleni ya watu wenye heshima zao, wamevua viatu. Aliyetangulia alikuwa mama mmoja mpishi, Semeni jina lake, aliyekopeshwa laki moja kwa simu, akalipa laki tatu, na bado akawa anatukanwa kwa ujumbe kila asubuhi. Alikuja na beseni lake la maandazi kichwani. Nikajiuliza atapitaje hapo.

Tundu likapanuka likawa na kimo cha mlango. "Pita, mama," likasema. "Mimi nilitobolewa kwa ajili yako. Usiinamishe hata beseni."

Semeni akapita wima, na andazi halikudondoka hata moja. Sote tukapiga makofi.

Ikafika zamu yangu. Tundu likarudi kuwa sahani, likafikiri kidogo, likawa kisosi.

"Una mzigo mgongoni?" likaniuliza.

"Sina."

"Una friji."

Nikageuza shingo. Ni kweli, nilikuwa nimelibeba friji mgongoni. "Endelea tu," likasema, "usinijali. Nimekugandishia barafu za ubuyu miaka sita, unawauzia wanafunzi, ada ya binti yako Rukia imetoka humu tumboni mwangu. Kubebwa mara moja si vibaya."

Mfa maji hushika maji. Nikaingiza kichwa. Kikapita kwa shida, masikio yakakwaruzwa, halafu mabega yakakwama.

Upande wa pili haukuwa uhuru. Ulikuwa duka la Bi Mwanaisha.

Kichwa changu kimetokeza ukutani, kwenye rafu, kati ya sufuria mbili na chupa ya chai. Rafu nyingine zote ni tupu. Bi Mwanaisha anapangusa vumbi. Anafika kwangu, ananipangusa na mimi.

"Aa, Mwalimu! Karibu."

"Starehe, Bi Mwanaisha."

"Chai?"

Ananinywesha kwa mkono wake, kwa kuwa mikono yangu imebaki mahakamani. Chai ina tangawizi. "Mama Rukia hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Wazima."

"Na friji, linagandisha vizuri?"

Nikafunga mdomo. Kusema linagandisha ni kusema ninalo, na kusema ninalo ni kukiri. Nyuma yangu nasikia hakimu akitangaza kwamba imebaki dakika moja.

Bi Mwanaisha anasubiri jibu. Halafu anakunja kitambaa chake taratibu. "Basi, Mwalimu, usijali. Nimefurahi tu kukuona. Mwisho wa mwezi nafunga duka, nilitaka kuagana na wateja wangu. Ni waungwana wote. Ila wengi wao miaka sita imewafikia."

Hakusema kwa ubaya. Angenitukana ningepita lile tundu nikicheka. Aibu ilinipanda, ile aibu hasa inayoanzia masikioni. Sikutaka tena kupita. Nilitaka kurudi nilikotoka, lakini mabega yalikuwa yamekaza, na nyuma yangu hakukuwa na mtu wa kunivuta ila mzee mmoja mwenye mkongojo.

Nimefundisha watoto wa mji huu kwa miaka thelathini. Somo la kwanza, kabla ya herufi, ni salamu. Sijui namna ya kumwomba mzee msaada bila kumsalimu kwanza, hata kama mzee mwenyewe ni deni. Hatibu atasema nilikosea. Asiseme ulimi uliteleza, maana nilijua ninachofanya.

"Shikamoo, mzee," nikasema kwa sauti. "Naomba univute."

Nyuma yangu nikasikia mkongojo ukigonga sakafu.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Deni.

Nikashikwa miguu. Mvuto wa kwanza ulikuwa wa kizee, dhaifu. Wa pili ulikuwa na nguvu. Wa tatu ulinitoa kama kizibo, nikaangukia sakafu ya mahakama pamoja na friji langu.

"Afadhali," likasema tundu. "Ulikuwa unaniumiza."

"Amekiri!" akatangaza hakimu, na mishale yake ikarudi nyuma kwa kasi mpaka joho likamvuka. "Mwaka wa kwanza, siku ya kwanza!"

Nikamtazama Deni. Mgongo ulikuwa umenyooka, meno yamerudi yote na moja la ziada. Alikuwa kijana wa kama miaka ishirini, mtanashati, hakohoi. Akainama mbele yangu kwa adabu, maana sasa mimi ndiye mkubwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nilikuwa nimeshajiandaa kufa. Asante."

"Umekuwa mkubwa kidogo," nikamwambia.

"Hapana, ni wewe umezoea kutonitazama."

Friji likacheka mpaka likayeyusha barafu. Na mimi nikacheka. Nilikuwa nadaiwa upya, deni zima, na moyo ulikuwa mwepesi kuliko siku niliyostaafu. Kijana akatoka mlangoni akipiga mluzi. "Asubuhi, basi," akasema. "Duka linafunguliwa saa mbili."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na masikio yalikuwa yananiwasha. Sebuleni friji lilikuwa linaunguruma kama kawaida yake, halina maneno.

"Baba Rukia!" mke wangu akaita kutoka huko huko. "Jana alikuja nani hapa?"

"Hakuja mtu."

"Mbona kuna mkongojo umeegemezwa kwenye friji? Umepasuka katikati, umefungwa kitambaa chekundu. Nyumba hii nani anatembelea mkongojo?"

Nikakaa kitandani, nikatafuta viatu vyangu kwa miguu.

"Uache hapo, Mama Rukia," nikamjibu. "Mwenyewe amepona. Niletee ile pesa ya barafu, nataka kuwahi saa mbili."