Gari Lililonyamaza Mteremkoni

Mshona mapazia aliponunua gari dogo la haibridi, baba yake alilizunguka, akaligonga tairi kwa ncha ya kiatu, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani, "Hiki ni kibiriti chenye usukani!"

Mzee alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake hadi kustaafu. Injini zilimharibia masikio, akazoea kuongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Tangu mkewe afariki, hata sauti hiyo aliitumia kwa nadra. Alishinda sebuleni akitazama ukuta.

Binti hakubishana naye. Pikapu yake ya zamani ilikuwa ikinywa mafuta kama mlevi anayelipiwa, na kazi yake ilikuwa ya kupitapita mitaani: simama kwa mteja, ondoka, kaa kwenye foleni. Hili jipya lilitumia petroli na umeme kwa zamu. Kwenye foleni lilikaa kimya, na wauza mafuta walishaanza kumsahau. Viti vya nyuma vilikunjika, fimbo za mapazia zikalala humo bila kugombana.

Asubuhi moja alihitaji mtu wa kumshikia ngazi. Baba akakubali, pengine kwa kuchoshwa na ule ukuta.

Barabara ya kushukia mjini ilipita katikati ya miti mirefu, na ukungu ulikuwa bado haujainuka. Waliingia ndani yake kama kijiko ndani ya maziwa. Binti akaondoa mguu kwenye mafuta. Sauti ya injini ikakatika.

"Limezima!" mzee akapiga kelele. "Egesha pembeni, nitafute jiwe la kuzuia tairi!"

"Halijazima, Baba. Limenyamaza."

"Kuna tofauti gani?"

"Tazama hapa." Kwenye skrini ndogo mbele yao, mishale ilikuwa ikitoka kwenye magurudumu kuelekea kwenye betri. "Tukishuka, linajichaji. Tukifika tambarare, litautumia umeme huo."

Mzee akainama akaitazama mishale ile kwa muda. "Kwa hiyo mteremko unamrudishia mtu?"

"Unarudisha."

"Mimi miteremko imenilia breki maisha yangu yote."

Hakuyasema hayo kwa kelele. Sauti yake ilikuwa imeshuka yenyewe, kana kwamba imejikuta haina wa kushindana naye. Matone yalidondoka juu ya paa. Majani mabichi yalinong'ona chini ya tairi.

"Mama yako alipanda lori langu mara moja tu," akasema taratibu. "Mlima kama huu huu. Akaniambia jambo, nikaona midomo inacheza. Injini ile, nani angesikia? Nikaitikia kwa kichwa. Mbele kulikuwa na wauza machungwa, nikajua ndiyo anayoyataka. Nikamnunulia kikapu kizima. Akala huku machozi yanamtoka. Nikasema, kweli mke wangu alikuwa na hamu."

Binti akapunguza mwendo. Kisa hicho alikijua kutoka upande wa pili. Mama yake alikuwa akikisimulia wakishona pamoja, sindano mkononi, akicheka. Naye siku zote alidhani baba anakijua.

"Hukuwahi kumuuliza alisema nini?"

"Niulize nini, na nilidhani nimesikia?"

"Alikwambia ana mimba, Baba. Mimba yangu."

Ukungu uliendelea kupita kwenye vioo, mweupe, bila haraka.

"Aliniambia nyumbani," mzee akasema mwishowe. "Baadaye sana. Nikarukaruka kwa furaha, naye akanitazama kama mwendawazimu." Akafikiri. "Kumbe! Siku zote zile alikuwa amenuna, mimi nasema labda machungwa yalikuwa machachu."

Binti akaangua kicheko. Mzee naye akacheka, mabega yakimtikisika, hadi kicheko kikageuka kilio. Binti akasimamisha gari, akampa kipande cha kitambaa cheupe, mzee akajifuta uso.

"Kwa nini hakunieleza?"

"Alisema ulivyoruka siku ile, hasira zote zilimwisha. Akaona akikueleza utajilaumu bure."

"Alinihurumia."

"Alikupenda."

Kwa mteja, mzee alishika ngazi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alimwonyesha mwenye nyumba jinsi mteremko unavyojaza betri, utadhani gari kalibuni yeye.

Walipotoka, alinyoosha kiganja. "Ufunguo."

"Haliwashwi kwa ufunguo, Baba. Kuna kitufe."

"Basi nipe hicho kitufe."

Aliendesha kwa mguu mwepesi, akiibembeleza injini isiamke. Waliokuwa na haraka walimpita, naye akawapungia mkono. Binti aliegemeza kichwa kwenye kiti akamsikiliza: jinsi mama alivyotembea, jinsi alivyobishana na wauza nyanya, wimbo aliouimba akikosea maneno palepale kila siku. Sauti ya baba ilikuwa ndogo, ya kijana ambaye yeye hakupata kumjua. Usingizi ukamchukua.

Alipozinduka, alizeti zilikuwa zimesimama pande zote mbili za barabara asiyoijua, na gari limetulia. Baba yake alikuwa ameshusha kioo, anasikiliza nyuki.

"Tuko wapi?"

"Sijui," akajibu kwa upole. "Lala kidogo."