Aliyepeleka Msiba Mwene-Ditu

Siku Joyeuse alipoondoka Kabongo, baba yake hakumsindikiza. Tata Kyungu alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, mtu wa sauti nzito na maneno machache, na asubuhi ile alikaa kibarazani akigongomea mguu wa kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Mama alikuwa amefariki zamani. Joyeuse akasimama mbele yake, begi begani.

"Tata, mi naenda."

"Wapi?"

"Kolwezi."

"Kule kuko mutu anakungojea?"

"Hapana. Naenda kutafuta maisha yangu."

Mzee akagonga msumari. "Maisha haipotee sawa mbuzi, mwanangu. Iko pale mutu iko."

Hakumwombea. Hakumkataza pia. Joyeuse akaenda zake na macho makavu, lakini shingo ilimuuma njia nzima kwa kujizuia asigeuke nyuma.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watoto walimpenda, na hata mshahara ulipokuwa haufiki alikwenda kazini. Shida yake ilikuwa nyingine. Kila asubuhi, akisimama mbele ya ubao, alijiona kama mtu aliyeshikia wengine nafasi kwenye mstari. Mchungaji alikuwa akisema kila mtu ameumbwa na kazi yake. Joyeuse alitaka kuijua ya kwake, na aliona kwamba huko nyumbani, ambako kila mtu alishamjua kama binti wa Kyungu, hataijua kamwe.

Kolwezi haikumpokea alivyotarajia. Shule za mtaa wa Dilala zilimuuliza anajulikana na nani, naye hakujulikana na mtu. Fedha zilipomwishia alianza kupika mtaa wa Kasulo, nje kidogo ya ua wa mtu, bukari, ugali wa huko, na maharage na sombe la majani ya muhogo, akiwauzia wachimbaji wa madini. Huko Kasulo watu walichimba ndani ya nyumba zao wenyewe. Ungeingia sebuleni ukakuta mdomo wa shimo pale palipokuwa na meza, na hema la plastiki limefunika kila kitu, na nje lundo la udongo limefika dirishani. Wanawake hawakuruhusiwa kusogelea shimo. Wachimbaji walisema mwanamke akichungulia, jiwe linajificha. Kwa hiyo Joyeuse alibaki nje ya ua na masufuria yake, na wanaume walimjia wakitoka chini, wekundu wa vumbi kama matofali.

Mara nyingi alijiuliza: nimeacha chaki nije kukoroga bukari?

Miongoni mwa waliokula kwake alikuwako kijana mmoja wa Kasai, Tshiamala, mwembamba, mwenye kuongea akitafuna. Naye alikuja peke yake. Mama yake alizaliwa papo hapo Kolwezi, Dilala, kwenye nyumba za kampuni ya zamani, kwa kuwa babu yake alikuwa akiendesha treni za madini. Kisha ukaja mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Katanga yote, Kolwezi ikiwamo. Mama yake, msichana bado, akatoka na familia na kile walichoweza kubeba kichwani. Wakangoja treni kituoni, wakilala chini, mpaka mdogo wake wa mwisho akafia pale pale. Mama akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayekanyaga Kolwezi.

"Na weye uko hapa," Joyeuse akamwambia.

"Anajua niko Lubumbashi, mu-garage." Tshiamala akacheka, lakini si sana. "Kila saa anazungumuzia ile nyumba. Nilisema niende nione."

Jumapili moja alimwomba amsindikize. Walipanda pikipiki wakafika Dilala, wakazunguka hadi wakaipata, nyumba ya pembeni inayotazama shule, yenye ngazi za saruji na ukuta wa jikoni uliopigwa na moshi. Mwanamke aliyeishi mle hakuwauliza mengi. Aliwapa maji, akawaacha wakae kwenye ngazi. Tshiamala akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo kitambo.

"Mi nilifikiri nikiiona nitajua niko nani," akasema mwishowe. "Naona paka nyumba, nyumba tu."

Kisha akamgeukia. "We ulikuja kutafuta nini huku?"

"Sijue."

Wakarudi Kasulo. Joyeuse alihisi kwamba kuna neno moja Tshiamala alitaka kusema akalimeza, na labda yeye mwenyewe alikuwa nalo.

Mvua zilipoanza, wenye mashimo wengine walisimamisha kazi. Mwenye ua ule alikopikia Joyeuse hakusimamisha. Alasiri moja, mvua ikiwa imekatika punde tu, Joyeuse alisikia mlio kama wa gunia zito kuanguka, kisha kelele. Papy, mkuu wa kundi la wachimbaji, alitoka mbio ameshika kichwa. Wawili walivutwa kwa kamba, wazima. Tshiamala alipatikana kesho yake, maiti. Walimzika siku ile ile, upesi, kwa sababu mwenye ua hakutaka makelele.

Baada ya maziko Papy alisimama kati ya wenzake. "Nani anajua kwao?"

Hakuna aliyejua. Simu ya marehemu ilikuwa imesagika naye. Wao walimwita Mukasai tu, basi. Joyeuse alisubiri mwingine aseme, na aliponyamaza kila mtu, akajikuta amefungua mdomo.

"Kwao ni Mwene-Ditu, Kasai, karibu na gare, kituo ya treni. Mama yake ni Mama Angèle, anauzisha mafuta ya ngazi, ya mawese. Kule banamuita Mama wa Kolwezi."

Wote wakamtazama.

"Basi njo weye utaenda kubaambia," akasema Papy.

"Miye? Mi niko nani kwake?"

Alikataa. Akapika kesho yake, na siku zilizofuata, lakini kila alipokoroga aliiona simu sehemu fulani mbali ikipiga namba isiyoitika, na mwanamke akisema ni mtandao. Mwishowe aliuza sufuria lake kubwa. Wachimbaji wakaongezea walichoweza. Papy alimletea shati jeupe la Tshiamala, lile la kanisani. Lilikuwa na jasho na vumbi la shingoni, na Joyeuse aliona aibu kumpelekea mzazi nguo chafu. Akalifua, akalipiga pasi, akalifunga ndani ya kitenge.

Treni ilikwenda kwa kuugua. Ilikufa porini, ikafufuka, ikafa tena, na abiria wakateremka kupika kando ya reli kama watu waliohamia pale. Kamina, mahali ambapo njia ya Kabongo inachepuka, Joyeuse aliwaona wanawake wakiita majina ya vituo vya kwao. Akajifunika uso kwa kitambaa kana kwamba kuna mtu angemtambua.

Mwene-Ditu hakupata taabu. Mtoto wa kwanza kuulizwa alimpeleka. Mama Angèle alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono inayong'aa mafuta, akimimina kwa faneli kwenye chupa. Joyeuse alipomwamkia, mama yule akaacha chupa ikajaa ikamwagika.

"Ile Kiswahili! Mutoto, unatoka Kolwezi?"

"Ndiyo, mama."

"Yesu wangu. Ikala, ikala hapa." Akamfutia kiti kwa pindo la nguo yake. "Dilala unaijua? Nyumba za kampuni bado ziko? Ile shule? Mi nilizaliwa kule. Hapa banasema nazungumuza sawa mutu wa kule, mi nasema ulimi wangu haikupandaka treni."

Alicheka kwa sauti, akaagiza maji. Joyeuse akashika kikombe asinywe. Alikuwa amejifunza maneno yake njia nzima. Mama Angèle akaendelea kuuliza habari za sokoni, za kanisa, za miti ya maua ya zambarau barabarani. Alikuwa na furaha, na kila swali lilifanya lile aliloleta Joyeuse kuwa gumu zaidi kulisema.

"Niko na mutoto mwanaume Lubumbashi," akasema. "Hizi siku simu yake haipite. Ni réseau, ni mtandao mubaya."

Joyeuse akashuka kwenye kiti, akapiga magoti kwenye udongo wenye mafuta.

"Mama, Tshiamala alikuwa anakula kwangu."

Mama Angèle akamtazama. Cheko lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaelewa.

"Alikuwa," akarudia.

"Shimo ilianguka, mama. Tulimuzika."

"Lubumbashi."

Hapo Joyeuse angeweza kuitikia. Lilikuwa neno moja tu, na lingemwacha yule mama na kiapo chake kizima.

"Hapana, mama. Kolwezi. Kasulo."

Kilio kilichotoka kilileta majirani wote. Joyeuse akafungua kitenge, akatoa shati. Mama Angèle alilinyakua, akazika uso ndani yake, akavuta pumzi ndefu, kisha akaliondoa polepole.

"Nani alifua hii?"

"Miye, mama."

"Juu ya nini ulifua?" Sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Ulitosha harufu yake, uliiondoa. Juu ya nini ulitosha harufu ya mutoto wangu?"

Katika yote yaliyompata Joyeuse, swali hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine, nalo halijamtoka mpaka leo.

Waombolezaji walijaa. Jioni alifika Tata Omer, kaka mkubwa wa Mama Angèle, na watu wakamfungulia njia. Alimsikiliza Joyeuse akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Uko bibi yake, mke wake?"

"Hapana, tata. Nilikuwa namupikia."

"Mupishi." Akawageukia watu. "Bana-Katanga balitufukuza na fimbo. Leo banatuletea shati bila maiti. Nani alikutuma? Nani alimuuza mutoto wetu mu-lile shimo? Huyu asitoke hapa mpaka aseme."

Vijana wawili wakasogea, mmoja akamkamata mkono. Joyeuse aliogopa, na ndani ya woga ule alimkumbuka baba yake na kiti chake, akatamani angekuwa mtoto mdogo.

"Mumuache," Mama Angèle akasema kutoka mkekani.

"Dada..."

"Omer, mumuache. Kule alikuwa na batu mingi. Njo huyu moja alikuja."

Mkono ukaachiliwa. Tata Omer hakusema naye tena, wala hakumsamehe, na kila Joyeuse alipopita na ndoo ya maji, mzee aliangalia upande mwingine.

Alikaa mpaka matanga yakaanuliwa, akiosha vyombo na akina mama. Mama Angèle hakumwongelesha kwa siku kadhaa. Kisha mchana mmoja akamwita kando yake.

"Aliiona ile nyumba?"

"Tulienda pamoja. Alikamata ukuta ya jikoni. Iko na moshi bado."

"Ni moshi ya mama yangu." Akafuta uso. "Nilimukataza Kolwezi, na kila siku nilikuwa namuimbia Kolwezi. Miye njo nilimutuma, mutoto. Omer hajui."

"Hapana, mama."

"Usinibishie mu-nyumba yangu." Kisha akaongeza: "Na weye, kwenu banajua uko wapi?"

Joyeuse akainamisha kichwa.

"Ee," mama akasema. "Mulikuwa bawili, kumbe."

Aliporudi, treni ilipolala Kamina na simu yake ikiwa imezima, alikwenda kwa mtu mwenye kibanda cha simu akapiga namba ya mchungaji wa Kabongo. Akaambiwa asubiri. Kisha akasikia pumzi aliyoijua.

"Tata, ni miye."

Mzee akauliza, "Uko unakula?"

"Ndiyo, tata."

"Unarudia nyumbani?"

Reli ya Kabongo ilikuwa mbele yake, ikimetameta. "Bado, tata. Sijue."

"Siku ile sikukuombea," mzee akasema. Akakohoa, kisha bila kumwuliza akaanza kuomba, kwa Kiluba, kwa sauti ile ile ya kuongoza kwaya, akimtajia Mungu mababu na njia na mito ya kuvuka, na salio likaisha katikati ya sentensi. Joyeuse alibaki na simu sikioni muda mrefu, mwenye kibanda akimtazama.

Alirudi Kasulo akaanza upya na sufuria dogo la kuazima. Alidhani watamshukuru. Papy alimshukuru. Lakini wengi walianza kupita mbali. Alisikia wakinong'ona kwamba huyu mama mpishi amebeba kilio, kwamba anayekula kwake amekwisha kumpa kifo anwani. Bukari ilibaki ikamgandia. Wengine, wachache, walikuja kwa sababu hiyo hiyo: walikula upesi, wakainama, wakamtajia kijiji na jina la mama, wakaenda. Aliyabeba majina hayo kichwani hadi usingizi ukamkimbia. Kama hii ndiyo kazi niliyoumbiwa, aliwaza, mbona haina furaha hata kidogo? Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtu anaweza kuipata kazi yake akaiogopa.

Mechack, mgeni kutoka Malemba-Nkulu, alikuja asubuhi moja kabla ya kushuka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

"Mama Joyeuse, mama yangu anaitwa Kabedi. Anakaa nyuma ya kanisa ya..."

"Anajua uko hapa?"

"Hapana."

Akajifuta mikono, akatoa simu yake. "Mupigie. Sasa."

Kijana akacheka, akatikisa kichwa. "Kesho." Akaacha sahani, akaingia uani.

Joyeuse akamtazama akivaa taa ya kichwani. Kisha akavuka. Alipita lundo la udongo, akainua plastiki, akaingia katika sebule ile ambayo hakuwahi kuikanyaga, na wanaume wakapiga kelele, mmoja akamtukana, mwingine akatupa kamba chini kwa hasira akisema jiwe limekwenda. Papy akapaza sauti, "Mama, toka!" Hakutoka. Alisimama kati ya Mechack na shimo, mkono umenyooka na simu, na pumzi baridi ya chini ikimpiga miguuni.

Mechack akawatazama wenzake, kwa haya. Akachukua simu, akabonyeza namba polepole. Iliita muda mrefu.

"Allô, mama?" akasema. Kisha akageukia ukuta, akaanza kumwambia mahali alipo.