Ijumaa za Mume wa Farhana

Hindu aliachwa na Abdunoor mara tatu, na mara zote tatu sababu haikujaza kiganja. Talaka ya kwanza ililetwa na chumvi. Ya pili ililetwa na mama mkwe, ambaye naye alikuwa chumvi kwenye kidonda. Ya tatu Abdunoor aliitamka kwa hasira za lori lililomfia njiani Masaka, na hasira zilipopoa maji yalikuwa yameshamwagika. Shehe akawasomea sheria: hawarudiani mpaka Hindu aolewe na mwingine, akae naye kweli, kisha huyo afe au amwache. Hindu akamwomba shehe amtafutie mzee aliyekwisha tia mguu mmoja kaburini. Walicheka wote, shehe pia. Lakini mzee huyo hakupatikana, na mwaka haukuisha kabla Abdunoor hajamwoa Farhana, muuza vyombo vya plastiki wa soko la Kikuubo, Kampala, mwanamke mwenye akili zake na mashine yake ya kupimia presha.

Farhana alimtunza mume kama gari jipya. Chumvi marufuku, samli marufuku, nyama mara moja kwa wiki, nayo ya kuchemsha. Basi kila Ijumaa, akitoka msikitini, Abdunoor alipanda boda mpaka Namuwongo kwa Hindu. Si kwa jambo la haramu. Hakuwa mumewe tena, hata mkono hakumpa. Alikaa barazani kwenye kigoda, mlango wazi, majirani wakiona. Hindu alimwekea sinia la mbuzi wa samli, akaingia ndani akakaa nyuma ya pazia, akisikiliza anavyotafuna. Akimaliza, Abdunoor aliwasha sigara, akasema kwa sauti kwamba ni moja tu, na Hindu akajibu kutoka ndani kwamba ndiyo, moja ya saa hii. Kwa miaka minne ndoa yote ya Hindu ilipita masikioni.

Ijumaa iliyopita sinia halikuisha. Abdunoor alishika tumbo, akainama ukingoni mwa baraza, akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Hindu alitoka mbio, akasimama hatua mbili kutoka kwake, mikono ikimning'inia haina kazi. Abdunoor alisema ni alsa tu, vidonda vya tumbo, kwa vile dawa zake za magoti huzimeza bila kula. Kampala kila anayeumwa kati ya kidevu na kitovu ana alsa, na dawa yake ni maziwa baridi, kwa hiyo Hindu akampa maziwa baridi. Kisha Abdunoor akamsihi asimwambie Farhana, maana atauliza mtu alitapikia wapi. Na Hindu, kwa tamaa ya Ijumaa nyingine, akachukua ufagio akafagia.

Jumatatu asubuhi binti yao Taqwa akapiga simu. Baba ameanguka dukani Kikuubo, jasho kama amemwagiwa ndoo, anasema kifuani amekaliwa na gunia. Hindu alivaa baibui ndani nje, na mwenye boda ndiye aliyemwambia, walipokwisha fika hospitali.

Walikuwa wamembandika nyaya kifuani, mashine ikitema karatasi yenye milima. Daktari alikuwa kijana wa Kiacholi, Ocira, aliyelelewa kambini kwa baba askari na kuokota Kiswahili huko. Alimweleza Farhana kwamba mshipa unaoulisha moyo umezibwa na damu iliyoganda. Dawa ya kuyeyusha ipo, ameshaivuta kwenye sindano, ila kwanza ana maswali. Hindu alisimama miguuni pa kitanda, pale wanaposimama majirani.

Daktari aliuliza kama mgonjwa anavuta sigara. Farhana akasema hajavuta tangu waoane. Mafuta? Nyumbani kwake samli haivuki kizingiti. Baba yake alikufa na nini? Uzee. Hindu alimjua huyo mzee: alidondoka akafa akiwa na miaka hamsini na mmoja, anafunga kamba za viatu. Lakini si yeye aliyeulizwa. Mwenye mgonjwa ni Farhana, na mtu hapiki kwenye jiko la mwenzake.

"Amewahi kutapika damu, ama kitu cheusi?" aliuliza Ocira. "Hivi karibuni. Kama tumboni kuna kidonda, dawa hii itakifungua, na damu hatutaweza kuizuia."

Farhana akasema hapana. Daktari akamgeukia mgonjwa. Abdunoor, barakoa ya hewa usoni, alimtazama Hindu, kisha akatikisa kichwa. Hapana.

Hindu aliijua sura ile. Mwanamume mzima yuko tayari kufa asikose mbuzi wa Ijumaa! Lakini huo ulikuwa mzaha wa juu juu. Chini yake kulikuwa na hili: tangu azaliwe hakuna aliyemtaka kiasi hicho, na yeye mwenyewe alizitaka Ijumaa zile kuliko macho yake. Akinyamaza, huenda akapata nyingine. Sindano ilikwisha sogea.

"Daktari, weka chini hiyo. Ijumaa ametapika. Cheusi, kama machicha ya kahawa. Nilifagia mwenyewe."

"Ulifagia wapi?" aliuliza Farhana.

"Barazani kwangu."

"Alifuata nini barazani kwako?"

"Chakula, mdogo wangu. Mwaka wa nne huu. Nje, mlango wazi, waulize Namuwongo nzima."

Ocira akairudisha sindano kwenye trei. "Hajati, wewe ni nani wake?"

Hindu, ambaye Makka hajaiona na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Jinja, alijitengeneza ushungi. "Mimi mtalaka wake. Mara tatu."

Daktari akamvutia kiti, wakaanza maswali upya. Hindu alimtaja mwanamume yule kutoka utosini hadi nyayoni: sigara, samli, magoti, marehemu baba, na Abdunoor akafumba macho kama mtu anayevuliwa nguo. Wakaamua kumpeleka jengo la pili, wanakopitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni. Kitanda kilipotoka Farhana alikishika kiganja cha mumewe, haki yake. Hindu aliificha mikono yake kwapani.

Alhamisi Farhana alipiga simu. Mshipa umefunguka, mgonjwa amekaa kitandani. Kisha akasema, bila ukali, kwamba Ijumaa mumewe hatakuja tena. Hindu akasema anajua. Aliyeanza kulegea ni Farhana: mtu huyu hali kitu, siku ya tatu anaugeuzia uji uso.

Hindu akakaa kitako, akamfundisha kupika bila samli wala chumvi. Ndimu. Tangawizi. Kitunguu saumu kichomwe majivuni kwanza. Giligilani itiwe mwisho, sufuria imeshaepuliwa. Alisikia kalamu ikikwaruza upande wa pili.

"Na usimwambie nani amekufundisha," alisema Hindu.

"Kwa nini?"

"Ataonja, atajua."

Farhana akauliza ni ndimu ngapi.