Wageni wa Kanali Thackray

Jumatatu Prudence Oldroyd, mpishi wa Kanali Thackray, alianua mashuka mapema, maana kila jioni wafu wakishaingia, moshi wa tambi za bunduki zao huacha madoa ya manjano yasiyotoka hata kwa sabuni ya majivu. Jua lilikuwa bado juu ya mnara wa kanisa. Kijiji kizima cha Hallingby wanawake walikuwa wakivuta nguo kutoka kwenye uzio wa michongoma, wakiambizana, "Haya, wa Kanali hao," kama wanaosema mvua inakuja.

Walikuja kwa mstari, ngoma mbele, bendera juu, tambi za magobori zikiwaka, na kila mmoja ana risasi mdomoni, shavu limevimba kama la mgonjwa wa jino. Ndivyo walivyotoka katika ngome ya Ravensholt siku walipomfungulia Kanali lango. Katika vita ile wao walikuwa watu wa Mfalme, Kanali alikuwa wa Bunge. Aliwapa mkono juu ya ngoma kwamba watatoka kwa heshima zote za vita, hivyohivyo na ngoma na risasi mdomoni, na kufika makwao salama. Kwenye daraja la kinu cha maji askari wake wakawavamia, wakawaua. Kanali alikuwa karibu, juu ya farasi. Angepaza sauti wangeacha. Akamgeuza farasi, akatazama mto. Baadaye akapewa uhakimu, na kila aliyeuliza aliambiwa Kanali alikuwa mbali.

Wafu walijaa jikoni, sebuleni, hadi ngazini. Hawakula, hawakusema. Kwa desturi yao risasi ile haitemwi mpaka aliyetoa ahadi atamke kwamba imetimizwa. Kanali alishatamka mara nyingi. Hakuna aliyetema.

Mkewe alivumilia hadi mavuno, kisha akahamia York kwa dada yake. Marafiki walipita siku mojamoja, wakakosa pa kukaa, wakaaga. Kanali akawa anakula peke yake kwenye meza isiyo na kiti kitupu.

Jioni hiyo ya Jumatatu Tamsin Godbehere aliingia kwa mlango wa jikoni. Mumewe Gilbert alikuwa miongoni mwa wafu, na siku zote alisimama kando ya pipa la bia.

"Shoga, yupo?" akamuuliza Prudence.

"Yupo. Namwambia asogee nichote bia, kaganda kama nguzo. Hata enzi zake alikuwa kimya hivi?"

"Enzi zake ungemwomba apumue kidogo."

Tamsin akapenya katikati ya wafu hadi mezani kwa Kanali.

"Bwana Kanali, nataka kusikia sauti ya mume wangu."

"Nimeshawaambia ahadi imetimia, mama. Wakaidi wenyewe."

"Si wakaidi. Wanajua walipofia, hawawezi kutema kwa uongo. Jumapili, mahubiri yakiisha, simama useme ahadi ilivunjwa, na wewe ulikuwa unaona. Sema tu hivyo. Watatema."

Wafu wote wakamgeukia Kanali. Kanali akakata nyama ya kondoo, akaiacha kwenye sahani.

"Nilikuwa mbali," akasema.

"Farasi wako alikuwa anakunywa maji palepale, bwana. Hata wauza samaki wanajua."

"Wanajua. Lakini mimi sijasema."

Tamsin akarudi jikoni, akapindua ndoo, akaketi karibu na Gilbert, akaanza kumpa habari: mbwa wa mhubiri kaiba jibini nzima kwenye harusi, binti wa mhunzi kachumbiwa na mwanamume mwenye masikio kama milango ya ghala, bata wamekataa bwawa jipya. Gilbert alisikiliza, risasi ikimgonga meno kila alipotaka kucheka.

Kesho yake akaja tena. Wajane wengine wakasikia, wakaja na vigoda na sufu za kufuma, kila mmoja akamtafuta wake. Jikoni kwa Kanali kukawa na maneno kuliko sokoni, ingawa ya upande mmoja.

Kanali akawa anaacha mlango wa chumba cha kulia wazi, kwanza kidogo, kisha wote. Jioni moja alibeba kiti na sahani yake, akaja kukaa kizingitini. Wanawake wakainuka kwa adabu, wakasogeza vigoda, wakamwachia nafasi ya kutosha. Halafu wakaketi, wakawainamia waume zao, wakaendelea kwa kunong'ona.