Pipa la Marehemu

Hakukuwa na mgonjwa wa figo aliyejua kujizuia kunywa maji kama Bibi Cherehani. Alisema hivyo mwenyewe Jumanne asubuhi, akivua viatu ili apande mzani, na mzani ukasoma kilo tatu na nusu zaidi ya Ijumaa.

"Basi ni chai," alisema. "Na supu kidogo. Na barafu, lakini barafu hainywewi, inalambwa."

Sista aliandika kilo tatu na nusu, akamwonyesha kiti chake. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi na hakubishana na wazee kabla ya saa mbili.

Kitengo kilikuwa na mashine nne za kusafisha damu, na kila mashine ilikuwa na wenyewe, wa asubuhi na wa mchana. Ya tano ilikaa peke yake kwenye chumba cha vioo, mpya, ingali ndani ya nailoni, imezungushiwa utepe mwekundu. Ilikuwa inamsubiri mgeni rasmi aje akate utepe. Mgeni rasmi alikuwa ameahirisha mara tatu. Kwa miezi saba mashine hiyo ilifutwa vumbi kila Jumatatu.

Siku hiyo Bibi Cherehani alisindikizwa na wifi yake, dada wa mumewe. Miguu ya wifi ilikuwa imevimba hadi viatu vimekataa kufungwa. Daktari alikuwa amemwambia figo zake zimefunga duka, asafishwe damu wiki hiyo hiyo, asije akachelewa. Kwenye orodha ya kusubiri alikuwa wa kumi na moja. Orodha ilisogea kiti kikiwa wazi, na kiti hakiwi wazi kwa mtu kuhama mtaa.

"Kwa hiyo wifi umekuja kuniombea nife," alisema Bibi Cherehani, sindano zikiwa tayari mkononi na mashine yake ikinguruma.

"Sikuombei. Nakuangalia rangi tu."

"Rangi yangu ikoje?"

"Nzuri. Inaudhi."

Saa nne mlango ulisukumwa, akaingia Marehemu na pipa lake. Sista alimpima presha kama alivyompima kila aingiaye, akapata sifuri juu ya sifuri, akaandika, akamkaribisha.

"Shikamoo, Marehemu," alisema wifi.

"Marahaba," alijibu, ingawa alikuwa amekufa akiwa na miaka thelathini na mbili tu.

Pipa lilikuwa la fito za mbao, limelala ubavu juu ya beseni refu la maji ya chumvi, na pembeni lilikuwa na pedeli. Marehemu alieleza kwamba mashine za mwanzo zilikuwa hivi, zilitengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa vitu vilivyookotwa. Damu ilipita ndani ya ganda jembamba la kufungia soseji, lililozungushwa kwenye pipa, uchafu ukachujikia majini. Yeye alikuwa wa tisa kujaribiwa, akafia hapo hapo. Walikufa wengi kabla hajatokea bibi mmoja mbishi akapona.

"Wabishi ndio wanaofaa," alisema Bibi Cherehani.

"Nimesikia hapa kuna upungufu," alisema Marehemu.

Sista aliuliza kama pipa lina namba ya mali ya hospitali. Halikuwa nayo. Aliandika "halina namba", akaenda kunawa mikono.

Shida ilikuwa kwenye ganda. Lilikuwa limelegea, na mkono wa maiti haukazi fundo. Bibi Cherehani alitazama mara moja, akaona ni bobini ya uzi wa cherehani tu, ila kubwa. Aliagiza pipa lisogezwe kwenye kiti chake, na kwa mkono wake mmoja uliokuwa huru akalizungusha ganda lile, mzunguko baada ya mzunguko, bila mizunguko kupandana wala kuacha nafasi. Mwisho wake alishika kwa meno, akafunga. Sista akamlaza wifi kitandani, akamwunganisha na pipa, Marehemu akaanza kukanyaga.

"Polepole," alisema Bibi Cherehani. "Utakata uzi."

Mkuu wa kitengo alipita, akaliona pipa linazunguka limejaa damu ya mtu, akasema lisizibe njia.

Saa zilikwenda. Marehemu alisimulia kwamba hata mashine za kweli zilipopatikana zilikuwa chache, basi ikaketishwa kamati mezani ichague nani aishi. Waliuliza kama mtu ana watoto, kama ana kazi, kama anakwenda ibada.

"Na siku hizi kamati yenu inakaa wapi?" aliuliza.

"Hatuna kamati," alisema wifi. "Tuna utepe."

Marehemu alitazama chumba cha vioo kwa muda, akaendelea kukanyaga. Saa kumi wifi aliteremka kitandani akilalamika kwamba viatu vimekuwa vikubwa.

Ijumaa wifi alikuwa nyuma ya pazia, damu yake inazunguka, alipofika katibu wa mgeni rasmi na kalamu yake. Alikuja kupima mahali pa kusimamisha maua. Alisema sherehe imesogezwa hadi baada ya mvua, kisha akauliza kama kuna wagonjwa wanaokosa nafasi.

"Hakuna," alisema Mkuu. "Wote wamepata nafasi. Hakuna anayesubiri."

Katibu aliandika. Akaona beseni linachungulia chini ya pazia, na nusu ya pipa.

"Na hiki?"

"Hilo ni pipa la mashuka. La kufulia."

Bibi Cherehani alijitia kusinzia, na nyuma ya pazia pedeli ikasimama.

"Sista," ilisema sauti nyuma ya pazia, "mwambie Marehemu akanyage, haya mashuka yameanza kuona kizunguzungu."